Bikoni za Mapipani

Ulifunga dirisha. Usikatae. Basi lako lilipokata kona ya Mapipani, kabla hamjafika kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, ulivuta kioo, ukaweka leso puani, ukamgeukia jirani yako ukasema, "Jamani, hawa watu wanaishije?" Ukasubiri jibu? Hukusubiri. Ulikula muhogo wako wa kukaanga, uliokaangwa kwa mafuta yetu, ukavuka kwenda Sengerema, Geita, Bukoba, kokote ulikokuwa unakwenda. Siku hizi kuna daraja, unapita bila hata kupunguza mwendo. Kwa hiyo nitakueleza mimi tulivyoishi, na safari hii utakaa hapo hapo mpaka nimalize.

Kuna miji duniani iliyozaliwa kwa mafuta ya kuchimba ardhini. Wetu ulizaliwa kwa mafuta ya vichwa vya samaki. Viwanda vya Mwanza mjini vilikuwa vinachuna minofu ya sangara, minofu inapanda ndege, sisi tunaachiwa kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mapanki. Mwanzoni yalikuwa yanamwagwa tu, kunguru wakashiba mpaka wakashindwa kuruka. Halafu mwaka 1988 wanawake kumi na mmoja wakaomba lori moja liwamwagie kwenye kipande cha ufuko ambako kulikuwa na mwamba, matete na nyumba sita za wavuvi. Mmoja wao alikuwa mjane kutoka upande wa Bujora, Odeta, aliyeacha shamba la pamba akaja na mtoto mmoja wa kike na karai moja. Wakagundua kwamba kichwa cha sangara ukikichemsha taratibu kinatoa mafuta ya manjano, mazito, mengi kuliko unavyodhani. Watengeneza sabuni wakayataka. Wakaanga maandazi wakayataka. Wachanganya chakula cha kuku wakayataka. Mapipa yakaanza kupangwa ufukweni, na mahali hapo pakapata jina.

Katika miaka mitatu tulikuwa na makarai mia mbili. Tulikuwa na gesti mbili, banda la video, mashine ya kusaga, fundi saa, na studio ya picha ambako kila mwanamke aliyenunua kitenge kipya alikwenda kupigwa picha ameegemea pipa lake. Mafuta yalikuwa kila mahali. Yalikuwa kwenye nywele, kwenye vitabu vya nyimbo kanisani, kwenye noti. Daftari la mtoto wa Mapipani ulikuwa unafungua ukurasa wa kwanza unasoma na wa tatu. Paka wetu walinenepa wakawa wanawatazama panya kama wageni wa heshima. Ndiyo, tulinuka. Tulinuka kazi.

Mimi, Mashimba, nilikuwa mviringisha mapipa. Elimu yangu darasa la saba. Pipa likijaa nalilaza, nalisukuma kwa mikono na goti kutoka uwanja wa kukaangia kushuka mteremko mpaka kwenye malori ya wanunuzi. Nimeviringisha mapipa miaka kumi na moja, na njia ile naijua kuliko njia ya kwetu.

Sasa shika hili, maana ndilo kisa chenyewe. Mwaka 1992 kikundi cha wakaangaji kiliomba uwanja wao upimwe. Mpima wa serikali akaja na darubini yake ya miguu mitatu, akapima siku mbili, akafukia bikoni nne, moja kila kona. Bikoni ni kipande cha zege kinene kama paja, kirefu kama mkono mpaka kiwiko, kina chuma katikati na namba imeandikwa kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele. Hati wakaambiwa itakuja. Haikuja. Kila nilipokwenda kuuliza, faili lilikuwa linashughulikiwa. Na mwaka 1998, siku nilipokwenda kuzikagua zile bikoni kwa macho yangu, sikuona hata moja.

Nikajua nani kazing'oa. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Jirani wa uwanja ule alikuwa Mzee Mihayo, mnunuzi mkubwa wa mafuta, mwenye ghala la mabati na tamaa ya kulipanua. Nani mwingine? Nilisema kwenye mkutano wa kijiji. Nilisema kanisani mpaka katekista akanitoa nje. Niliandika barua magazetini, kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa mkoa, nakala kwa kila mwenye kiti na mhuri. Nilinunua vitabu vya sheria za ardhi kwa wauza mitumba wa Makoroboi, nikavisoma kwa kibatari nikipigia mstari. Miaka ishirini na saba nilimwita Mihayo mwizi wa bikoni, hai na marehemu.

Mwaka 1999 malori ya mapanki yakaacha kuja. Viwanda vilikuwa vimepata mashine za kukamua vyenyewe. Hakuna aliyetuaga. Watu walisubiri wiki, wakasubiri mwezi, halafu wakaanza kuezua mabati ya nyumba zao wakaondoka nayo. Ukija leo utaona kuta za tofali zimesimama bila vichwa, mibono imeota sebuleni kwa watu. Wanawake saba walibaki uwanjani wakikaanga dagaa na vichwa vichache vya kununua kwa wavuvi. Odeta akiwa mmoja wao, nyumba yake na jiko lake humo humo kwenye uwanja.

Daraja lilipokaribia kwisha, Antoni akarudi. Antoni ni mtoto wa Mihayo, aliyesomea Dar es Salaam. Alirudi na hati ya mwaka 1998 ambayo imelimeza ghala la baba yake pamoja na uwanja mzima wa kukaangia, na nia ya kujenga kituo cha petroli kwa ajili ya magari yanayovuka. Kwenye madai yake aliandika kwamba eneo hilo "lilikuwa pori lisilo na matumizi." Pori! Akaomba Baraza la Ardhi liwaondoe wanawake saba ndani ya siku saba.

Mpima ardhi aliyeitwa na Baraza alikuwa dada mmoja wa Kihaya, Noela Rutashobya, mtu asiyecheka ovyo wala kutishwa na suti. Yeye ndiye aliyekwenda kufukua makabati mpaka akaipata ramani ya 1992. Imo. Uwanja upo, jina la kikundi lipo, namba nne za bikoni zipo, arobaini na moja mpaka arobaini na nne. Nililia mbele ya watu. Mwanasheria wa Antoni hakulia. Alisimama akasema karatasi inaweza kuwa ya ufuko wowote wa ziwa hili, na kwamba bikoni zinazoonekana ardhini leo ni za mteja wake peke yake.

Mwenyekiti wa Baraza akavua miwani. "Jumanne tunakuja eneo la mgogoro," alisema. "Kikundi kinionyeshe hata bikoni moja. Isipoonekana, nitaamua kwa zilizopo."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Mama Odeta pamoja na mke wangu, Tereza. Sijakuambia bado: yule mtoto mmoja aliyekuja naye kutoka Bujora ndiye mke wangu. Nilimtolea ng'ombe mwaka 1994, na tangu siku hiyo Odeta ni mama mkwe wangu. Sisi wa rika letu ukwe tunauheshimu. Simtazami mama mkwe usoni. Siketi naye. Jikoni kwake ndiyo kabisa, siingii wala sichungulii, jiko likiwa wazi nageuza kichwa. Tukiwa na la kusemezana linapita kwa Tereza. Kwa hiyo siku ile nilikaa nje kwenye kigoda, mgongo nimeuelekeza mlangoni, yeye ndani, Tereza kizingitini.

"Tereza," ikasema sauti ya ndani, "mwulize mume wako kama amekula."

"Anauliza kama umekula."

"Nimesikia. Mwambie mtu anayenyang'anywa kwao Jumanne hali Jumapili."

"Mama, anasema ameshiba."

Kijiko kikagonga sufuria. Kisha sauti ikaja ndogo kuliko ya kwanza. "Mwulize mume wako. Mtu aking'oa bikoni ya serikali, anafungwa?"

"Anafungwa!" Niliruka kutoka kwenye kigoda bila kungoja kuulizwa. "Mwambie ni kosa la jinai, limeandikwa! Na ningekuwa hakimu mimi, Mihayo angetoka kaburini akaozee gereza la Butimba!"

Kifuniko cha sufuria kilianguka kikazunguka chini, kikazunguka, mpaka kikatulia chenyewe. Hakuna aliyekiokota.

"Umemaliza?" Tereza aliniuliza.

"Nimesema nini?"

"Mama, mimi namwambia."

"Usimwambie! Atalipeleka gazetini."

Mke wangu alipandisha kidogo upindo wa gauni, akanionyesha kovu la mguuni, lile la duara kama kisosi. "Hili unalikumbuka?"

"La mwaka tisini na tano. Figa lilipasuka chini ya karai, mafuta yakakumwagikia." Nani asiyejua? Mawe ya kwetu yanapendeza kwenye picha za watalii, lakini moto wa mafuta ukiyakolea yanalipuka. Tereza alilala hospitali wiki tano, na nilifikiri nimempoteza.

"Na tangu hapo," akasema, "figa la mama limepasuka tena?"

"Nitajuaje? Jikoni kwa mama yako mimi nimeingia lini?"

"Ndiyo hivyo."

Nilisimama pale kama pipa lililokwama. Ilinichukua muda, sitakudanganya. Mama mkwe alikuwa amemwona mtoto wake akiungua, akatafuta kitu kisichopasuka. Na kulikuwa na vipande vya zege vya kimo sawasawa vimekaa tu kwenye kona za uwanja, havimsaidii mtu, hati yenyewe haiji. Alikwenda na jembe, akarudi na mafiga.

"Tereza, wewe ulijua? Miaka thelathini?"

"Ningekuambia ukafanye nini? Ukamwandikie mkuu wa mkoa kwamba mkweo ni mhalifu? Nakala kwa nani na nani?"

"Nimemtukana Mihayo, Tereza! Nimemtukana mpaka kwenye msiba wake!"

"Tulikusikia," ikasema sauti ya ndani, kwa huzuni kabisa. "Mwambie mume wako kila alipomtukana yule baba, mimi ugali haukunishuka. Lakini nilikuwa naogopa kufungwa. Ningeanza kusema wapi?"

Nikakaa chini. Hesabu ilikuwa hii, na kila mmoja wetu aliiona. Tukinyamaza, Jumanne Baraza halitaona kitu, na wanawake saba wataondoka na makarai kichwani. Tukisema, mama wa miaka sabini na nne atasimama mbele ya serikali na kukiri kosa ambalo mkwewe amelipigia kelele miaka ishirini na saba ili adhabu yake iwe kali.

"Mwambie mume wako," alisema mwishowe, "mimi nitasema. Na kama ni Butimba, twende. Chuo cha ualimu cha kule kwa umri huu hawanipokei, nitakaa kwa jirani yao wa magereza."

Tereza alicheka, akalia, akacheka tena.

Jumanne saa nne magari mawili yalisimama uwanjani. Mwenyekiti, wazee wawili wa Baraza, Noela na mitambo yake, mwanasheria, na Antoni kwenye viatu vyeupe, akichagua pa kukanyaga.

"Shikamoo, Mzee Mashimba."

"Marahaba. Pori limekupokeaje?"

"Mzee, tusianze."

"Nani kaanza? Pori hili ndilo lililokuotesha meno. Ulikuwa unatoroka ghalani kwa baba yako unakuja kufyonza vichwa vya samaki kwa mama huyu hapa, kamasi mpaka kidevuni."

Wanawake wakaangua kicheko. Antoni naye alitaka kucheka, nilimwona, akajizuia. "Maneno ya mkutano peleka mkutanoni," alisema. "Leo tunaonyeshana bikoni."

"Kikundi," akasema mwenyekiti, "ziko wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea kibanda cha udongo chenye moshi paani. "Mheshimiwa, ziko jikoni."

Mwanasheria alicheka kwa sauti. Mwenyekiti hakucheka. "Nionyeshe," alisema. Nikatembea mbele yao mpaka mlangoni, na pale miguu ikagoma. Sikuigiza. Miaka thelathini na moja mwili umezoea kugeuka ukifika hapo, na ukageuka. Watu wote nyuma yangu wamesimama, mwenyekiti anatazama saa, mimi natazama ukuta.

Ndipo mama mkwe aliponiita. Hakupitia kwa Tereza.

"Mashimba. Ingia, baba."

Nikaingia.

Karai lilikuwa limeshateremshwa. Mafiga yalikuwepo pale, matatu, meusi, yanang'aa kama viatu vya askari, yamevaa koti la mafuta na masizi unene wa kidole. Noela alipiga magoti bila kujali suruali yake. Akakwangua kwa kisu, akamwagia maji ya moto na jivu, akasugua kwa gunzi la hindi. Chuma kikatokea. Halafu namba, hafifu kama kovu la zamani.

"Arobaini na mbili," alisoma. Akahamia la pili. "Arobaini na moja." La tatu lilichukua muda. "Arobaini na tatu. Ndizo zenyewe, mheshimiwa."

Nje wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikapumua. Mapema mno.

"Mheshimiwa," alisema mwanasheria, na ukweli ni kwamba alisema vizuri, "bikoni iliyohama haionyeshi mpaka. Mimi pia naweza kubeba bikoni nikaiweka sebuleni. Je, sebule yangu itakuwa uwanja wa kikundi? Hizi zinathibitisha kwamba kuna mtu aliiba bikoni mahali fulani. Wapi, hatujui."

Mwenyekiti akamtazama Noela. Noela akatikisa kichwa kukubali, uso umemshuka. "Kitaalamu ni kweli. Nahitaji walau moja iliyo mahali pake. Nikiwa na moja na ramani, nyingine zote nazipata."

Mwenyekiti akafunga kalamu. Tulikuwa tumekiri kosa na uwanja tumeukosa, vyote kwa asubuhi moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti." Odeta alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya jiko. "Samahani, mimi sikusoma. Jiko lina mafiga mangapi?"

"Matatu, mama."

"Na huyu binti amesema bikoni zilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Basi ya nne ningeipeleka wapi?"

Mmoja wa wazee wa Baraza alianza kutikisika mabega, akajifunika mdomo kwa karatasi. Mwenyekiti alifungua tena kalamu. "Iko wapi hiyo, mama?"

"Nimeiacha kwenye kona yake. Upande wa ziwani, tulikokuwa tunamwaga makapi. Lakini mahali hasa," akatazama nje, "mwanangu, ni miaka mingi."

Tulitoka. Upande wa ziwani ulikuwa tuta moja refu la majivu na majani, upana wa kiwanja cha mpira. Mwenyekiti akasema anatupa mpaka saa saba, ana shauri jingine Misungwi. Vijana walishika sururu wakaniangalia, kana kwamba mimi ndiye niliyeifukia.

Nikawa natazama mteremko ule, ule wangu. Na kidole gumba cha mguu wa kulia kikaniuma. Kucha yake iling'oka mwaka 1993 haikurudi vizuri. Iling'oka kwenye njia ya mapipa. Kulikuwa na mahali, karibu na mwisho wa uwanja, ambapo kila pipa liliruka kidogo, likasema *du*, na kama hujui unajigonga. Kila pipa. Kila siku. Niliwahi kutaka kuking'oa kile kitu, kimezibwa na majivu na mafuta nisijue ni nini, nikasikia uvivu.

"Subirini," nikasema. Nikaenda pale lilipokuwa lango, nguzo yake moja bado imesimama. Nikainama, nikaweka mikono mbele kama nasukuma pipa, nikafumba macho, nikaanza kushuka.

"Mzee amechanganyikiwa," nilimsikia mwanasheria.

"Mwache," alisema Antoni.

Nilishuka mpaka mwili uliponiambia. "Hapa. Chimbeni." Wakachimba mpaka kiunoni. Majivu, miba ya samaki, kijiko kilichovunjika. Hakuna kitu. Jua lilikuwa utosini. Nilijiona mjinga wa mwaka.

Tereza akaja akasimama kando yangu. "Ulikuwa na miaka ishirini na mitano," alisema taratibu. "Hatua zako zilikuwa ndefu. Siku hizi unatembea kama bata."

Akasogea mwenyewe hatua mbili kubwa kushuka, akapiga chini kwa kisigino. "Hapa."

Sururu ya pili tu, udongo ukabadilika. Ulitoka mweusi, unang'aa, unateleza kwenye koleo, na harufu ikapanda. Ile ile! Miaka ishirini na sita imelala chini ikingoja kufunuliwa. Mwanasheria alitoa leso. Wanawake walivuta pumzi mpaka ndani, mmoja akaita jina la mwenzake aliyekufa zamani. Antoni hakuziba pua. Alikuwa amesimama mdomo wazi, amekuwa na miaka sita.

Kisha chuma kikagonga zege. *Du.*

Noela alishuka shimoni mwenyewe. Akapangusa kwa kiganja. "Arobaini na nne," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. "Haijatikisika. Mafuta yameihifadhi kama sadini."

Alipima hapo mpaka karibu saa saba. Kutoka ya arobaini na nne na ile ramani alizipata kona nyingine tatu, na kwenye kila moja vijana walipochimba walikuta shimo la zamani limejaa udongo wa rangi nyingine. Bikoni mbili za hati ya Antoni zilikuwa zimeuruka uwanja wetu mzima, zimekaa upande wa pili. Kuhusu pori, mwenyekiti aliokota bonge la udongo mweusi, akaliminya, akautazama mkono wake unavyong'aa. Akaandika.

"Mheshimiwa," mwanasheria alisema, "naomba iandikwe pia nani aling'oa zile tatu."

Wanawake saba wakainua mikono kwa pamoja. Hawakuwa wamepanga. Nami nikainua wangu.

"Mimi niliuliza ziko wapi," alisema mwenyekiti, "na nimeonyeshwa." Akafunga jalada.

Antoni alikuja nilipokuwa nimekaa kwenye ukingo wa shimo. Alisema polepole, "Kwa hiyo mzee wangu hakung'oa."

"Hakung'oa."

"Alikufa mnamwita mwizi."

"Mimi ndiye niliyemwita. Wengine walinifuata." Nikasimama, nikavua kofia mbele ya watu wote waliokuwepo. "Antoni, nilimsingizia baba yako, nisamehe. Lakini hati yako bado imeula uwanja wa mama zako, na hilo sitakuachia."

Aliangalia viatu vyake, ambavyo vyeupe havikuwa tena. "Nimekusikia," alisema. Hakunipa mkono siku hiyo. Alinipa wiki mbili baadaye.

Hukumu ilisomwa siku hizo hizo, na Antoni hakukata rufaa. Uwanja ni wa kikundi. Niliposikia neno la mwisho nilikaa kwenye ngazi za Baraza, mikono haina kazi, najisikia mwepesi mpaka naogopa upepo. Nimekuwa na hasira muda mrefu hivi kwamba sikujua ilikuwa na uzito gani mpaka nilipoitua. Nilikula chapati tatu kwenye mgahawa wa jirani, bila kugombana na mtu.

Nyumbani nikakaa kwenye kigoda changu, mgongo mlangoni.

"Tereza, mwulize mume wako. Nafungwa, sifungwi?"

"Mwambie hafungwi. Mwambie uwanja ni wake."

Nikasikia mama mkwe wangu anashusha pumzi, pumzi ya mwaka tisini na tano, inatoka, inatoka, haiishi. "Wabeja," alisema. Asante. Baadaye akasema, "Basi mwambie anitafutie mafiga mengine. Haya ya serikali yanarudi kazini kwao."

Nimeyatafuta. Zile bikoni tatu Noela amezirudisha kwenye kona zake, nyeusi hivyo hivyo, hakuna mvua itakayozisafisha.

Na sasa ni zamu yako. Ramani ile ya 1992 ina viwanja vingine vitatu vya wakaangaji, na vyote watu wameanza kuvizungushia waya. Wenyewe ni ninyi mlioondoka na mabati yenu, na wewe uliyefunga dirisha huenda ni mtoto wa mmoja wao. Mko Nyakato, mko Butimba, mko Dar, mnajua mlichozifanyia bikoni. Mmoja wenu ameifanya kizingiti. Mmoja anakalia yake akifua nguo. Mimi pia nilikuwa sitazami, nikaiita heshima, kwa hiyo sikutishi wala sikucheki. Inuka hapo ulipo. Nenda kwa mama yako leo, kabla hajafa na hofu yake, mwulize alichukua nini na alikitoa wapi. Andika jina lake na namba utakayoikuta chini ya masizi. Halafu panda basi uje Mapipani, Jumatatu saa tatu tunaanza kuchimba. Dirisha liache wazi. Ukisikia harufu, shuka.